Usidharau Kitabu Kikuukuu

Ukipita Muthurwa utaona vitabu vikuukuu vimetandazwa juu ya gunia. Usividharau! Mimi hukiinua kimoja kimoja nikitafuta chapa ya kwanza, yaani nakala zilizotoka mitamboni mara ya kwanza kabisa.

Utaijuaje? Tazama nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Ukikuta safu ya miaka ya kupigwa chapa tena na tena, irudishe tu. Chukua mfano wa riwaya Weep Not, Child, iliyotolewa na Heinemann mwaka wa 1964. Jaladani mwandishi ni James Ngugi. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o alilitumia baadaye, basi nakala yenye jina hilo si ya kwanza, hata muuzaji aape vipi.

Nakala ya kwanza ikiwa na mwandiko wa mwandishi mwenyewe, hiyo sasa ni mali. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, hatatia sahihi nyingine.

Siku moja nilipata ya James Ngugi. Moyo ulinidunda! Kumbe ukurasa wa mbele umechanwa.

"Mzee, huu ukurasa ulienda wapi?"

"Ah, niliutoa, kijana wangu. Ulikuwa umeandikwa kwa kalamu. Nyinyi wanafunzi si hamtaki kitabu kichafu?"

Nikamwuliza uliandikwa nini, na jina la nani. Hakukumbuka. Alikuwa ameufungia njugu.