Uji Mzito Usiomshinda Mgonjwa: Kimea na Maikrowevu katika Jiko la Nyumbani

Mgonjwa anayerejea nyumbani kutoka hospitalini hutamani chakula laini, cha moto, alichokizoea tangu utotoni. Katika vijiji vinavyoizunguka Hospitali ya Tosamaganga mkoani Iringa, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini, chakula hicho ni uji. Huutaka mama aliyejifungua, mwenye vidonda kinywani, mzee aliyepoteza meno, na mtoto wa miezi sita anayeonja chakula kwa mara ya kwanza. Mwenye jukumu la kuupika mara nyingi ni mtu mmoja, ambaye pia ana shamba, kazi au biashara inayomsubiri. Kwa familia iliyo na jiko la maikrowevu, uji huo unaweza kuwa tayari kwa muda mfupi, bila kuni wala moshi. Swali linalopaswa kuulizwa kabla ya kuwasha jiko ni hili: ndani ya kikombe hicho kuna chakula kiasi gani?

Swali hilo lina uzito wa pekee mkoani Iringa. Mkoa huu huvuna mahindi, viazi na maharage kwa wingi, na bado Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 57 ya watoto wake wenye umri chini ya miaka mitano wana udumavu, ilhali kiwango cha kitaifa ni asilimia 30. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwamo maradhi ya mara kwa mara, lishe ya mama mjamzito na mzigo wa kazi za akina mama. Mojawapo, hata hivyo, imo ndani ya kikombe chenyewe. Gramu 100 za unga wa nafaka hutoa takriban kilokalori 350. Uji mwepesi unaonyweka kwa urahisi huwa na gramu 20 hivi za unga katika kikombe cha mililita 250, yaani kilokalori 70 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayeendelea kunyonya anahitaji takriban kilokalori 300 kwa siku kutokana na vyakula vya nyongeza, na tumbo lake haliwezi kubeba vikombe vinne au vitano vya uji wa namna hiyo. Mlezi akiongeza unga, uji hugeuka kuwa mzito kama ugali, na mtoto au mgonjwa hushindwa kuumeza.

Ufumbuzi wa tatizo hili umo katika nyumba za Iringa tangu zamani, nao ni kimea. Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya kinachoitwa amilesi, ambacho huikata wanga katika vipande vifupi. Uji mzito uliotiwa kimea kidogo hulainika na kuwa mwepesi, huku unga wote ukibaki humo. Mpango wa lishe ulioanza mkoani Iringa mwaka 1983, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, ulikihimiza kimea kwa uji wa watoto. Ushauri huo haukuwa mgeni masikioni mwa akina mama: anayejua kutengeneza togwa au pombe ya ulezi anakijua kimea vizuri kuliko mtaalamu anayekuja kukifundisha.

Kimea cha ulezi ndicho kinachofaa zaidi. Nafaka huchaguliwa, huoshwa, hulowekwa usiku mmoja, kisha hutandazwa katika kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu mpaka ichipue. Baada ya hapo hukaushwa juani, hufikichwa ili vichipukizi na mizizi vitoke, na kusagwa. Mtama uliochipua haupendekezwi kwa kaya isiyo na uzoefu, kwa kuwa vichipukizi vyake vina kemikali inayoweza kuzalisha sumu ya sianidi.

Katika maikrowevu yenye nguvu ya wati 800, kazi huenda hivi. Unga gramu 50, yaani vijiko vitano vya chakula visivyojaa kupindukia, hukorogwa katika mililita 250 za maji baridi mpaka mabonge yaishe. Bakuli liwe la kioo au kauri na lenye ujazo wa lita moja au zaidi, kwa sababu uji hupanda ghafla na kumwagika. Hupikwa dakika moja, hukorogwa, kisha hurudishwa kwa nusu dakika nusu dakika, kila mara ukikorogwa, mpaka uchemke na kuwa mzito. Kwa kawaida huchukua dakika tatu hadi nne. Uji huachwa upoe hadi uwe wa vuguvugu kali, ndipo kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kinapotiwa. Kikitiwa ukiwa unatokota, amilesi huharibiwa na joto na uji hubaki ulivyo. Wengi waliojaribu kimea na kukikataa walikosea hapa. Baada ya kukoroga na kungoja kama dakika kumi, uji huwa umelainika.

Hatua inayofuata hairukwi: uji lazima uchemshwe tena. Kimea ni unga mbichi uliokaa siku kadhaa katika unyevu, na hubeba vijidudu vingi. Dakika moja au mbili za maikrowevu, kwa kukoroga katikati, hutosha kuurudisha kwenye mchemko. Kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa huongeza kilokalori 90 hivi, na kikombe kilichokuwa na 70 sasa hukaribia 265.

Kukoroga kunasisitizwa kwa sababu ya jinsi jiko hili linavyofanya kazi. Mawimbi yake hutikisa molekuli za maji zilizomo katika chakula na kuzalisha joto, lakini hupenya sentimita chache tu, na hayasambai kwa usawa. Chakula kimoja kinaweza kuunguza ulimi upande mmoja na kuwa baridi upande wa pili. Kwa sababu hiyo maziwa ya mama na chupa za watoto hazipashwi humo. Chupa huhisi vuguvugu mkononi ilhali maziwa ya katikati yanaweza kumbabua mtoto koo. Bakuli la maji ya moto linatosha kuyapasha. Uji nao uonjwe na mlezi baada ya kukorogwa na kutulia dakika mbili.

Wagonjwa huuliza kama mionzi hiyo huleta saratani. Mawimbi ya maikrowevu hayana nguvu ya kuharibu vinasaba kama ilivyo mionzi ya eksirei, na hayabaki ndani ya chakula jiko likishazimika. La kuangaliwa ni mlango: usiofunga sawasawa au ulioharibika ni sababu ya kutolitumia jiko mpaka litengenezwe. Sufuria za aluminiamu hazifai humo kabisa, kwani mawimbi hayapenyi metali na huweza kutoa cheche. Makopo ya plastiki yaliyonunuliwa na siagi au aiskrimu nayo yaachwe. Hayakutengenezwa kuhimili joto.

Kiporo kinahitaji maneno yake. Baridi ya Iringa ya Juni na Julai huwafanya wengi waache chungu mezani hadi asubuhi wakiamini hali ya hewa imefanya kazi ya jokofu. Ndani ya nyumba baridi hiyo haifikii nyuzi 5, ambazo chini yake vijidudu vingi hupunguza kasi ya kuzaliana. Chakula kilichopikwa kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, na kinapopashwa moto kifikie angalau nyuzi 70 mpaka katikati, yaani kifuke mvuke kila sehemu. Wali una hatari yake mahususi: ukilala nje, bakteria aitwaye Bacillus cereus anaweza kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu, wali uliolala mezani ni wa kutupwa, hata kama unanukia vizuri.

Viazi mviringo hupikika vizuri katika maikrowevu. Viwili vya wastani, vilivyooshwa na kutobolewa kwa uma ili mvuke upate pa kutokea, huiva kwa dakika sita hadi nane, kisha hupondwa kwa maziwa. Yai lipigwe katika bakuli, lisiwekwe na ganda lake, kwa kuwa litapasuka. Ugali ni afadhali ubaki jikoni na mwiko wake. Maharage makavu pia: yana sumu inayoharibiwa kwa kuchemshwa sawasawa, na katika mwinuko wa Iringa, unaozidi mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hivyo maharage huhitaji muda mrefu wa mchemko usiokatika. Maikrowevu yatumike kupasha yaliyokwisha kuiva.

Mhudumu wa afya anayefundisha uji wa kimea aulize kwanza kama mlaji ana kisukari. Wanga iliyokatwakatwa na kimea huwa sukari rahisi, ndiyo maana uji huo ni mtamu hata bila sukari, nao unaweza kupandisha sukari ya damu upesi. Katika kaya ambamo bibi mwenye kisukari na mjukuu aliyepungua uzito hula pamoja, sehemu ya bibi ipakuliwe kabla kimea hakijatiwa, kwa kiasi alichoelekezwa kliniki, na bakuli la mtoto liendelee peke yake.