Oili ya Mashine ya Boti: Ipi, na Kiasi Gani?

Juma lililopita tulijifunza kugawanya kwa hamsini, na baadhi yenu mliuliza kugawanya kwa hamsini kunamfaa nini mvuvi. Leo nitajibu. Hapa mezani ninayo chupa ya oili, ile ya kuchanganya na petroli kwa mashine ya kupachika nyuma ya boti. Mwalimu wa darasa akiwa na chupa kama hii, ipitisheni mkono kwa mkono huku mkisikiliza.

Kwanza nitawapa habari ya jamaa yangu mmoja, mvuvi wa upande wa Kilwa. Yeye na wenzake watatu walichanga fedha wakanunua mashine ya nguvu za farasi 15. Siku moja oili yao iliwaishia. Nyumbani palikuwa na kopo la oili ya lori iliyobaki. Wakasema, oili ni oili, wakamimina kwa kukisia, wakaondoka. Siku ile mashine ilikwenda vizuri. Siku zilizofuata ikawa inakohoa asubuhi, lakini waliizoea, na kopo la lori likawa ndilo kopo lao. Halafu siku moja, wako mbali na pwani na kusi inavuma, mashine ikalia kama chuma kinachokwaruzwa, ikasimama. Wakavuta kamba ya kuwashia, haikuvutika. Walikesha baharini, wakipiga makasia kwa zamu na kuteka maji, hata asubuhi jahazi moja likawavuta. Watu walipona. Mashine haikupona. Fundi alipoifungua aliona ringi za pistoni zimegandana katika mifereji yake, na ukuta wa silinda umechubuka. Injini imenoki, kama wasemavyo mafundi, na deni la mashine lilikuwa bado.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Oili ya lori ilikuwa mpya na safi. Haikuwa oili mbaya. Ilikuwa mahali pasipo pake.

Injini ya lori ni ya mapigo manne. Oili yake hukaa chini ya injini katika chombo chake, huzunguka ndani, na baada ya muda humwagwa ikatiwa nyingine. Haikusudiwi kuungua. Mashine nyingi za boti za wavuvi wetu ni za mapigo mawili, nazo hazina chombo hicho. Oili husafiri pamoja na petroli. Hupita kwanza katika chumba cha chini cha injini, ikilainisha beringi na pistoni, kisha hupanda juu, huungua pamoja na petroli, na kutoka kama moshi. Basi oili hii ina kazi mbili: ilainishe kwanza, halafu iungue bila kuacha taka.

Oili ya lori hutiwa dawa za kusafisha zenye madini ndani yake. Katika lori dawa hizo ni njema kabisa. Lakini zikiungua huacha majivu, kama kuni ziachavyo majivu jikoni. Majivu hayo hushika kwenye plagi, hugandisha ringi, na hujijenga juu ya kichwa cha pistoni. Hapo yaweza kuwaka mekundu kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla plagi haijatoa cheche. Pistoni inapanda, moto unaisukuma chini. Injini haiwezi kustahimili hayo kwa muda mrefu.

Na oili ya pikipiki ya mapigo mawili je? Swali zuri, kwa maana hiyo nayo huchanganywa na petroli. Hata hivyo pikipiki nyingi za namna hiyo hupozwa kwa upepo na huwa na joto kali, na oili zake nyingi zina majivu kidogo. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari, na hufanya kazi kwa nguvu zake zote saa nyingi mfululizo, bila kupumzika kwenye mteremko kama pikipiki. Tena inakaa katika chumvi. Oili yake hutengenezwa bila madini yale ya kuacha majivu, na hutiwa dawa ya kuzuia kutu.

Haya, chukueni chupa, au mtazame ubaoni. Mwalimu aandike: TC-W3. Someni kwa sauti, herufi moja moja. T na C zinaonyesha mapigo mawili. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya maji, kwa kuwa injini hii hupozwa kwa maji. Tarakimu 3 ni toleo la tatu la kipimo hicho. Alama hii ni ya chama cha watengenezaji wa boti na mashine zake huko Marekani, na oili yenye alama hii hutumika katika mashine za makampuni mengi mbalimbali.

Sasa mwalimu aandike chini yake: FC-W. Tazameni vizuri. Herufi ya kwanza ni F, si T. Hiyo ni oili ya mashine ya boti ya mapigo manne, na chupa yake mara nyingi ina picha ya boti vilevile. Ukichagua kwa picha utakosea. Na chupa iliyoandikwa TC peke yake, bila W3, si ya boti.

Wengine huchagua kwa rangi, buluu au kijani. Rangi hutiwa ili petroli iliyokwisha kuchanganywa ijulikane, haionyeshi ubora. Na ile oili inayopimwa dukani katika chupa isiyo na karatasi wala maandishi, mimi siinunui hata kwa nusu ya bei.

Twende kwenye hesabu. Mashine nyingi za siku hizi hutaka kipimo cha 50:1, yaani sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Lita moja ni mililita 1,000. Gawanya kwa 50, unapata 20. Basi kila lita ya petroli hutiwa mililita 20 za oili. Dumu la lita 20 litataka mililita 400. Tangi la lita 25 litataka mililita 500, nayo ni chupa moja ndogo ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, imejaa. Lakini kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho, maana ziko mashine, hasa za zamani, zinazotaka oili zaidi. Mashine zenye tangi dogo la oili la peke yake huchanganya zenyewe; hizo hazihitaji hesabu hii, ila oili ni ya aina ile ile.

Yuko mzee mmoja aliyeniambia kwamba yeye huzidisha oili ili mashine inenepe. Samahani, mzee wangu. Oili ikizidi, plagi huchafuka na moshi huwa mwingi. Tena petroli inayoingia katika silinda hupungua, na injini hupata joto zaidi.

Unapochanganya, tia petroli kidogo kwanza, tia oili yote uliyopima, funga, tikisa, kisha jaza petroli iliyobaki na utikise tena. Fanyeni hivyo nchi kavu, mbali na jiko na sigara. Chombo cha kupimia kioshwe na kukaushwa. Tone la maji ya chumvi halitakiwi humo.

Zoezi la juma lijalo ni hili. Mashine mpya, kwa saa zake za kwanza, kitabu chake kinasema 25:1. Mvuvi ana dumu la lita 20 la petroli. Atie mililita ngapi za oili? Andikeni hesabu yote daftarini, si jibu tu. Kwaherini.