Kompyuta Kolwezi: Ununue Nzima au Uunge Mwenyewe?

Wengi hulipima jambo hili kwa bei: nikinunua vipande kimoja kimoja na kuviunga nyumbani, nitaokoa dola ngapi? Penye duka la vipande kila mtaa, kipimo hicho kinatosha. Hapa Kolwezi kuna mambo mawili yanayoitangulia bei: umeme utakaoingia kwenye mashine, na umbali wa mtu atakayekubadilishia kipande kikifa.

Tuanze na umeme. Bwawa la Nzilo, lililojengwa kwenye Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, lina uwezo wa megawati 108. Chini yake mtoni kuna Nseke na Busanga, na tangu 1982 njia kuu ya umeme kutoka Inga inaishia papa hapa Kolwezi. Lakini migodi ndiyo inayokula fungu kubwa, na mitaani delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, imekuwa sehemu ya maisha.

Umeme kukatika kunakupotezea kazi ambayo hukuihifadhi. Mashine yenyewe huuawa zaidi na umeme unaporudi. Friji, pampu na viyoyozi vya mtaa mzima huamka pamoja, volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Msimu wa mvua radi nazo huongeza mapigo yake. Anayepigwa kwanza ni pawasaplai, kile kisanduku kinachogeuza volti 220 za ukutani kuwa volti 12 na chini ya hapo kwa ajili ya vipande vya ndani. Pawasaplai nzuri hupokea pigo, hujizima, au hufa peke yake. Ile ya bei rahisi hufa na ubao mama, pengine na diski yenye kazi zako zote.

Hapo ndipo waungaji wengi hukosea. Fedha zikipungua, hawagusi prosesa wala kadi ya michoro. Hupunguza kwenye pawasaplai, kwa sababu hakuna mgeni atakayeisifia. Ukiamua kuunga, iandike ya kwanza kwenye orodha, kisha ondulere, yaani betri ya akiba ya kompyuta, yenye kidhibiti cha volti, halafu ndipo mengine yafuate.

Kompyuta mpakato hubeba ondulere yake tumboni: ni betri. Umeme ukikatika unaendelea kuandika. Nyingi ya betri hizo zina kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, sehemu kubwa katika mkoa wetu huu. Inaniuma kwamba huvuka mpaka wa Kasumbalesa kama mzigo wa madini, kisha tunainunua tena ndani ya betri kwa bei aliyoipanga mwingine.

Sasa umbali. Mashine uliyoiunga mwenyewe haina dhamana moja. Kila kipande kina yake, na kila muuzaji yuko kwake: Lubumbashi, Johannesburg, Dubai. Isipowaka, utajuaje kama aliyekufa ni ubao mama, kumbukumbu au prosesa? Fundi hujua kwa kuweka kipande kingine kizima mahali pake. Nyumbani huna cha pili. Mashine iliyonunuliwa nzima ina mlango mmoja wa kugonga.

Kwa mwanafunzi, mwalimu au mwenye duka, ushauri wangu ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre. Zimetengenezwa kuwaka siku nzima, na ukiongeza kumbukumbu na diski ya SSD unapata nusu ya raha ya kuunga bila hatari zake. Angalia prosesa kwanza: Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane au kipya zaidi. Jua pia kwamba nyingi ya mashine hizi zina pawasaplai ya umbo la kampuni yenyewe, kwa hiyo ya kawaida ya dukani haitaingia. Na kama vidole vyako vimezoea AZERTY, tazama kibodi kabla ya kulipa.

Kuunga kuna watu wake: mhariri wa video, au mhandisi anayechora mgodi kwa vipimo vitatu, ambaye kazi yake inahitaji kadi kubwa ya michoro na atabadilisha kipande kimoja kila baada ya miaka michache. Huyo aunge, achague kisanduku cha kompyuta chenye vichujio vya vumbi, maana kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu la barabara zetu huziba feni, nayo prosesa huchemka.

Yeyote utakayekuwa kati ya hao, umeme ukikatika chomoa waya ukutani, na usiurudishe mpaka taa za nyumba zimetulia kwa dakika kadhaa.