Ordinatere ya koperative ikikataa kuwaka: tuokoe fishie kwanza, mashini baadaye



Mpunga umeingia depo, wamemba wanangoja kulipwa. Sekretere anafinya kifungo cha ordinatere: kioo kinabaki cheusi. Anafinya tena. Hakuna kitu. Ndani ya mashini ile muna liste ya wamemba, sehemu ambazo kila mmoja amelipa, kilo alizoleta, na deni la mbegu alilobakisha tangu musimu uliopita. Nje watu wameanza kuulizana: «Sasa nani atajua mimi nilileta mifuko ngapi?»

Katika kazi yetu na koperative za Maniema, tumeona kwamba hatari kubwa haiko katika kioo kile cheusi. Hatari inakuja siku ya pili, wakati ordinatere imefika Kindu kwa fundi na fundi anasema: «Hakuna shida, tutaiformate, itawaka muzuri.» Na kweli, inarudi inawaka muzuri. Lakini iko tupu kama depo iliyofagiwa.

Kwa hiyo tukumbuke jambo moja: mashini kufa si fishie kufa. Dekortikeze ikikufa, mpunga ulio ndani ya mifuko hauozi siku hiyo. Fishie zetu zinakaa katika diski, na diski ni kipande kimoja tu cha ordinatere. Mara nyingi kilichokufa ni kipande kingine: sharjeri, batri, kioo, ao Windows yenyewe. Kuformate ni kufagia depo. Hatufagii mbele ya kutoa mpunga.

Kwa nini zinakufa hapa kwetu

Kura ya grupe inapanda na kushuka. Kwa wale wanaotumia paneli za jua, batri inaisha katikati ya kazi na ordinatere inazimika ghafla, wakati Windows ilikuwa bado inaandika. Hewa yetu ya msitu iko na unyevu mwingi, na vumbi la makapi ya mpunga linaziba feni, mashini inapata moto kupita kiasi.

Tena kuna radi. Uchunguzi wa setelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kampene, katika teritware ya Pangi, mahali pa tatu duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela na Kabare ya Kivu ya Kusini. Hesabu yake ni karibu mimuliko 177 kwa mwaka kwa kila kilomita moja ya mraba. Kwa hiyo wingu likifunga, toa sharjeri ukutani. Kuzima tu hakutoshi, kwa sababu waya unabaki umeunganishwa.

Siku haiwaki, tufuate njia hii

1. Tuangalie kura. Jaribu sharjeri na prize nyingine, ao uliza kama taa ndogo ya ordinatere inawaka unapochomeka. Mashini nyingi zinazoitwa zimekufa zilikosa kura tu.

2. Tuipumzishe. Toa sharjeri, toa flashi na kila kitu kilichochomekwa, toa batri kama ni ya kutoka. Kisha finya kifungo cha kuwasha na kukishikilia kwa sekunde 30. Rudisha sharjeri peke yake, ujaribu tena. Kazi hii haigusi fishie hata moja.

3. Tuangalie kioo. Kama feni inazunguka na taa zinawaka, lakini kioo ni cheusi, mulika toshi karibu na kioo. Ukiona picha kwa mbali, ni mwanga wa kioo ndio umekufa. Unganisha ordinatere na televizyo kwa kabo ya HDMI, utaona kazi yako yote na utaweza kuikopia.

4. Tusikilize. Kama ndani kunatoka sauti ya «tak, tak, tak», zima mara moja. Hapo diski yenyewe ni mgonjwa. Kila mara unapoiwasha unaongeza kidonda. Ipeleke kwa fundi na umwambie sauti uliyosikia.

Kama Windows inaanza lakini haifiki mwisho

Ikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, Windows 10 ao 11 hufungua yenyewe ukurasa wa buluu wa kutengeneza. Kwa kuwa ordinatere zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, tunaandika maneno kama utakavyoyaona. Chagua «Dépannage», kisha «Options avancées», kisha «Invite de commandes». Inaweza kuomba neno la siri la mwenye mashini. Kioo cheusi chenye maandishi kitafunguka: andika notepad, finya Entrée.

Sasa chomeka flashi. Katika dirisha lile chagua «Fichier», «Ouvrir», na chini uchague «Tous les fichiers». Dirisha hili linakuonyesha diski yote. Fishie za kazi ziko mara nyingi ndani ya Users, chini ya jina la mtumiaji, katika Bureau, Documents na Téléchargements. Usishangae kama diski C inaitwa D. Humu majina hubadilika. Finya kwa kifungo cha kuume cha suri, chagua «Copier», nenda kwenye flashi, «Coller». Hakuna alama itakayoonyesha kazi inaendelea na dirisha linaweza kuganda. Hapana kuharakisha. Ngoja mpaka lirudi.

Kama ordinatere inaomba «clé de récupération BitLocker», ile ni ufunguo wa namba 48. Bila ule, diski haifunguki, hata kwa fundi hodari. Wenye mashini mpya waangalie leo kama BitLocker imewekwa, na waandike ufunguo kwenye karatasi itakayokaa ndani ya kese ya koperative.

Baada ya kukopia tu ndipo tuguse «Réinitialiser ce PC». Humo kuna njia mbili: «Conserver mes fichiers» na «Supprimer tout». Jina la ya pili linasema lenyewe. Lakini hata ya kwanza inaondoa programu zote mlizoweka, pamoja na ile ya kontabilite, na kama programu hiyo inaweka hesabu zake ndani ya folda yake, zinaweza kwenda nayo. Kopia kwanza.

Kama Windows haifunguki kabisa

Fundi anaweza kuwasha ordinatere kwa mfumo mwingine ulio ndani ya flashi, kama vile Ubuntu, ambao ni wa bure. Flashi inachomekwa, mashini inawashwa huku unafinya F12 kwa Dell na Lenovo, ao Esc kisha F9 kwa HP, na unachagua flashi. Kisha uchague «Essayer», usichague «Installer». Kujaribu hakuandiki kitu kwenye diski. Kuinstale kunaweza kuifuta. Unafungua diski yako kama folda ya kawaida na kukopia fishie kwenye flashi nyingine.

Na kama mashini haitoi hata taa? Kwenye ordinatere nyingi za zamani diski inatoka kwa kufungua vise chache. Fundi anaiweka katika kabo ya USB na kuichomeka kwenye ordinatere nzima. Mashini ilikufa, lakini mpunga bado uko kwenye mifuko.

Maneno ya kumwambia fundi

Mafundi wengi ni watu wa kazi nzuri. Wakiambiwa «nataka iwake», wanafanya iwake kwa njia ya haraka. Kwa hiyo aliyetumwa mjini aseme, mbele ya kutoa mashini mikononi: «Fishie ndizo tunazitaka. Usiformate kabla hujakopia na kutuonyesha.» Muandike maneno hayo kwenye karatasi, fundi atie sinyatire, na muachie flashi mpya. Siku ya kuchukua, fungueni fishie pale pale: liste ya wamemba, kaye ya kese, hesabu za depo. Msilipe kabla ya kuona.

Kwa wanaovuka mto kutoka Alunguli, ordinatere iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na diski ao flashi yenye kopi isiwe ndani ya mfuko huo huo. Ikiwa pirogi inaingia maji, afadhali kupoteza kimoja.

Kazi ya kufanya wakati mashini bado inawaka

Kuokoa ni vizuri, lakini kopi ni rahisi kuliko kuokoa. Tunashauri hivi: kila wiki, siku ya soko, sekretere akopie fishie kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa kesie, nyingine kwa prezida, nyumba mbili tofauti, kwa sababu mwizi ao moto unaobeba ordinatere unabeba pia flashi iliyo juu ya meza ileile. Mara moja kwa mwezi mfungue kopi kwenye mashini nyingine. Kopi ambayo haijafunguliwa bado si kopi. Mwenye kufika Kindu ambako kuna rezo ajitumie fishie kwa imeli.

Na karatasi tusiiache. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, inaomba kila koperative iwe na rejistre ya wamemba. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012. Mwisho wa kila mwezi toeni kwa imprimante ukurasa wa sehemu na madeni, ao uandikwe kwa mkono katika kaye, prezida na kesie watie sinyatire. Karatasi haingoji kura.

Mama aliyebeba mifuko yake kwa kichwa mpaka depo hajui diski ni nini, na hapashwi kujua. Anajua tu kwamba aliwaamini muandike jina lake. Mkutano wenu ujao wa komite uanze na swali hili: kama ordinatere ikikufa usiku wa leo, kesho asubuhi tutamlipa kila mtu haki yake? Kama jibu ni «hapana», chukueni flashi mbele ya kuendelea na mkutano.