Michembe, Dagaa na Chungu cha Mkulima



Kurasa hizi zimezoea habari za karafuu, uchumaji wake na uanikaji wake. Safari hii twaomba ruhusa tuingie jikoni, tena jiko lenyewe ni la mbali, la Shinyanga na Geita, ambako baadhi ya vijana wetu wamekwenda kufungua maduka. Watu wa huko wana shida moja kama yetu: fedha haiji kila siku. Mchimbaji mdogo wa Geita akiupata mwamba wa dhahabu leo, atakula wali kwa nyama. Kesho duara likiwa tupu, hana kitu. Na sisi je? Mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja, mwaka wa pili ikapunguza, na baina ya msimu na msimu wengi wetu hula kwa daftari la dukani. Mtoto hajui msimu. Yeye huona njaa kila siku.

Wasukuma, wenyeji wa nchi ile, walikuwa na dawa ya jambo hili zamani sana kabla ya mgodi mkubwa wa Geita wa siku hizi kuanza kazi mwaka 2000. Mvua yao ni ya msimu mmoja, kisha ardhi hukauka miezi mingi. Basi viazi vitamu vikijaa shambani, hawavili vyote wala hawaviuzi vyote kwa bei ya kutupa. Huvimenya, huvikata vipande vyembamba na kuvianika mpaka vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Wengine huvichemsha kwanza, ndipo wakavikata na kuvianika, na hivyo huitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo huchemshwa yakakaushwa, yakangoja kiangazi, ndipo yakapikwa kwa karanga zilizotwangwa.

Tazameni chungu hicho kilivyo kamili. Michembe hutia nguvu. Karanga, kunde na choroko hujenga mwili. Dagaa wa Ziwa Victoria, wanaopimwa kwa kopo sokoni, huliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo mtoto hupata nyama na vitu vya kujenga mifupa na meno kwa pamoja. Wako miongoni mwetu wanaoona haya mgeni akikuta dagaa mezani. Haya hiyo hatuifahamu, maana dagaa wa bahari yetu hukaushwa na kupelekwa mpaka Kongo, na huko hununuliwa kwa hamu.

Kushiba kwa chakula cha aina moja kuna hatari yake. Mwaka 1985 huko Tarime, mashariki ya ziwa, ukame ulikaza na watu wakategemea muhogo mchungu, huku wakiharakisha kuuandaa kwa sababu ya njaa. Baadhi yao miguu ilikakamaa ghafula, na ulemavu huo haukuondoka tena. Maradhi hayo huitwa konzo, na huwapata zaidi watoto na wanawake. Sumu ya muhogo mchungu hupungua ukivundikwa au kurowekwa na kukaushwa kwa siku zake zote. Nayo ile inayobakia, mwili huhitaji chakula cha kujenga, kama dagaa na kunde, upate kuishinda. Basi mwenye muhogo mchungu asifupishe siku hizo hata kama nyumba ina njaa.

Turudi kwenye michembe. Nani ajuaye kuanika kuliko sisi? Kugeuza, kutazama wingu, kukimbilia mikeka mvua ikinyemelea, hayo tumekua nayo. (Ila mikeka ya viazi iwe mbali na ya karafuu, kwani harufu haitatoka.) Kipande kilichokauka barabara huvunjika kikikunjwa, kikipinda tu, kirudishwe juani, la sivyo kitaota ukungu. Hewa yetu ina unyevu kuliko ya Shinyanga, kwa hiyo kiwekwe katika chombo kinachofungwa vizuri.

Anayepata mbegu ya viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa, asiiache. Vina vitamini A inayolinda macho ya watoto, na kwa kazi ya kuvieneza Mganda Robert Mwanga na wenzake walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Hivi vianikwe penye kivuli na upepo, maana jua kali hupunguza vitamini hiyo. Vipikwe kwa mafuta kidogo au tui, ndipo mwili huipokea vizuri.

Upishi wake ni mwepesi. Michembe huoshwa, hurowekwa, huchemshwa mpaka ilainike, ikatiwa karanga za kutwanga na chumvi. Kwetu yafaa pia kupikwa kwa tui kama futari, na kando pawe na kisamvu au mchicha na dagaa wa kukaanga. Limau likamuliwe juu ya mboga, kwani husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika majani. Chai ingoje kidogo baada ya chakula, maana huyazuia. Anayetaka kujaribu aanze na kapu moja tu la viazi, aanike wakati wa kusi kabla ya mvua za vuli kuingia.