Bunduki ya Babu Ikila Kutu: Itunze, Usiifufue

Unyevu wa Mlola, huku milimani Lushoto, hauna huruma na chuma. Ukungu ukishuka jioni, panga lililosahaulika nje huamka na madoa ya rangi ya chungwa. Sasa pima hali ya bunduki ya mzee aliyefariki zamani, iliyolala darini miaka na miaka, mvua ikipenya kwenye bati na moshi wa jiko ukipanda kutoka chini. Wajukuu wakiiteremsha, wanakuta gogo jekundu lisilofunguka wala kufungika. Ndipo linapokuja swali: tuisafishe wenyewe nyumbani?

Silaha za namna hiyo zina asili yake milimani huku. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alipofariki mwaka 1862, ugomvi wa urithi ulikuta magobore yameshaanza kupanda kutoka pwani pamoja na misafara, na Semboja wa Mazinde, aliyekaa njiani mwa misafara hiyo, akapata nguvu kwa baruti kuliko kwa mila. Wakaja Wajerumani. Askari wao wengi walianza vita ya 1914 wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja, tundu lake milimita 11, inayotoa wingu la moshi kila inapolia. Waingereza waliposhindwa Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 waliacha mamia ya bunduki, rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000, na vyote vikageuka mali ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wilhelmstal, yaani Lushoto yetu, ilitekwa na Waingereza Juni 1916.

Kabla ya brashi na mafuta, kuna sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwenye silaha awe na leseni, na fundi anayetengeneza silaha naye awe na yake. Babu kuwa nayo kihalali enzi zake hakumfanyi mjukuu awe mmiliki. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutoa taarifa polisi, kupitia mwenyekiti wa kijiji ukihitaji mtu wa kukusindikiza. Na msiibebe kwenda kituoni. Nendeni mikono mitupu, mwombe askari waje kuitazama ilipo. Sababu yake ni ya kiusalama pia. Gobore laweza kuwa limeshindiliwa tangu enzi za babu, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki upesi. Hata baada ya miaka 100 inaweza kuwaka. Hadi mtaalamu athibitishe kwamba haina kitu ndani, isiguswe, isigongwe, isisogezwe karibu na moto.

Tuseme imekaguliwa, ni tupu, na mmeruhusiwa kubaki nayo kama kumbukumbu. Hapo ndipo inafaa kuielewa kutu yenyewe.

Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa, na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana boliti hukwama: kutu imevimba kati ya vyuma viwili na kuvibana. Ndani ya mtutu mambo ni mabaya zaidi. Baruti nyeusi ikilipuka, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi, na chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewa. Bunduki za kisasa zaidi za vita ya 1914 nazo hazikusalimika, kwa kuwa fataki zake nazo ziliacha chumvi mtutuni. Askari waliojua kazi walimimina maji ya moto ndani ya mtutu baada ya kufyatua, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Mafuta peke yake hayayeyushi chumvi. Ukipaka grisi juu ya chumvi umeifungia humo, nayo itaendelea kula.

Kazi ianze kwa kupiga picha kila upande. Kisha mswaki mkavu, kuondoa vumbi na masizi. Kinachofuata ni mafuta ya taa, tone moja moja, hasa kwenye maungio, na subira. Tazama kwa karibu: tone hujitandaza, rangi nyekundu huiva kuwa kahawia, kisha ukingo wa gamba huanza kuachana na chuma. Baada ya siku kadhaa gamba hilo hunyanyuka kwa kipande cha mfupa au shaba, vitu laini kuliko chuma, visivyoacha mikwaruzo. Chini yake mara nyingi kuna ngozi nyeusi iliyoshikamana sana. Hiyo iacheni. Ni kutu pia, lakini ni ya aina iliyotulia, na inakinga chuma kilicho chini yake.

Kutu nyekundu iliyobaki vishimoni ina dawa iliyo mlangoni mwetu. Magome ya miwati yana tanini tele, kitu kile kile kinacholainisha ngozi ya ng'ombe na kinachofanya chai iliyokolea ikaze ulimi. Tanini ikikutana na kutu hufanya kitu kipya, cheusi chenye dalili ya bluu, kisicholika upesi. Watunzaji wa makumbusho hutumia tanini iliyosafishwa. Maji ya magome yaliyochemshwa ni dhaifu kuliko hiyo, lakini kanuni ni ile ile. Futeni kwanza mafuta yote, kwani tanini haipiti kwenye mafuta. Pakeni kwa brashi, tabaka jembamba, acheni likauke hadi kesho yake, mrudie, kisha mmalizie na nta. Mbao zitenganishwe na chuma kabla ya maji yoyote, maana kitako kikinywa maji hupasuka.

Kinachonitia uchungu ni grinda. Dakika tano za jiwe la kusagia humaliza kile ambacho kutu ya miaka 100 haikukimaliza: herufi na namba zilizogongwa kwenye chuma. Mauser nyingi za 1871 zina jina la kiwanda, kama Spandau, Danzig, Erfurt au Amberg, pamoja na mwaka zilipotengenezwa. Alama hizo ndizo zinazotofautisha silaha ya askari wa 1914 na bomba la chuma. Asidi ya betri ni vivyo hivyo, hula kutu na herufi kwa pamoja. Rangi ya dawa ya kupuliza nayo huficha tu kutu inayoendelea kutafuna chini yake.

Na isifyatuliwe kamwe. Mtutu uliotobolewa vishimo na kutu umepungua unene mahali usipopaona, na mlipuko wa ndani hutafuta hapo. Mng'ao wa nje hauthibitishi chochote.

Kama familia haitaki mzigo wa leseni, waulizeni polisi kuhusu kuikabidhi makumbusho. Tanga mjini kuna makumbusho ya Urithi ndani ya boma la zamani, na Dar es Salaam kuna Makumbusho ya Taifa. Mkiipeleka huko, pelekeni na jina la mzee, kijiji chake na namna alivyoipata, mkiyaandika mapema wakati wanaojua bado wapo.