Hogo Halitaki Maji

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo kuna maji.

Mkitoka Arusha kwenda Moshi mtapita mahali paitwapo Maji ya Chai. Mto wa pale una rangi ya chai kweli, ila rangi siyo tatizo. Tatizo halionekani: ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Ikiwa kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno huwa ya kahawia na mifupa ya mtoto anayekua hupinda. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya vijito vya Meru vinayo zaidi ya mara kumi ya hiyo. Na magadi ya kulainishia maharage huongeza nyingine. Hata mimi bibi yenu nimeyatia sana, sikujua.

Basi mtoto mmoja anapata matege. Mwingine magoti yanagongana. Mwingine miguu yote miwili imelalia upande mmoja, kama migomba iliyopigwa na upepo. Shuleni anachekwa, nyumbani wanasema karogwa. Daktari atamjuaje, naye yuko mjini? Mara nyingi safari huanzishwa na mwalimu au jirani aliyeuliza tu: "Huyu mmeshampeleka hospitali?"

Huko hupewa dawa ya usingizi. Daktari hukata mfupa (msikunje nyuso, aliyelala kwa dawa hasikii), hutoa kipande chenye umbo la kabari, huunyoosha, kisha mguu hufungwa hogo, ile plasta nyeupe nzito. Kuunga, mfupa hujiunga wenyewe.

Kazi ngumu ndiyo inaanza hapo. Hogo halitaki maji. Likilowa hulainika, na mguu unaweza kurudia kupinda. Sasa fikirieni wiki kadhaa za masika, sakafu ya udongo, choo kiko nje. Ndiyo maana tangu 2008 ipo Arusha nyumba iitwayo The Plaster House, ambako watoto waliopasuliwa hukaa, hula vizuri, husafishwa vidonda na kufanya mazoezi mpaka wapone.

Siku ya kufungua, msumeno mdogo hutetema juu ya plasta. Mlio wake unatisha kuliko makali yake. Mguu hutoka mwembamba, ngozi ikibanduka kama ganda la kitunguu, lakini umenyooka. Mtoto huutazama kama wa mtu mwingine.

Halafu anarudi kijijini, kwenye kijito kilekile. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yakikingwa vizuri ni salama kuliko ya kijito hicho, na chujio la mkaa wa mifupa hupunguza madini hayo. Kesho mwulizeni mwalimu wenu: maji ya shule yetu yalipimwa lini?